Kutoka Kisiwa cha Changuu hadi Simu ya Dereva: Historia ya Ugonjwa Mpakani

Wiki chache zilizopita, katika semina ya mwaka wa tatu, mwanafunzi mmoja aliniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake la haraka. Tulikuwa tukijadili historia ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na mazungumzo yakafika kwenye UVIKO-19. Akauliza: wakati wa janga lile, kwa nini ni dereva wa lori ndiye aliyetakiwa kubeba katika simu yake programu inayoonyesha amepita wapi na amesimama wapi, na si mfanyabiashara aliyepanda ndege kutoka Nairobi kwenda Kigali? Nilimjibu kwa kifupi, kama tufanyavyo walimu kipindi kinapokaribia kwisha, kwamba madereva walikuwa wengi na walivuka mpaka kila siku. Jibu hilo si la uongo, lakini halitoshi. Makala haya ni jaribio la kumjibu vizuri zaidi, na msomaji aniwie radhi kwa kuanzia mbali.

Mwaka 1377 wakuu wa mji wa Ragusa, ambao leo tunauita Dubrovnik, waliamuru kwamba yeyote atokaye katika nchi zenye tauni asiingie mjini mpaka akae siku 30 mahali pa pembeni. Baadaye siku hizo zilifikishwa 40, na kutokana na neno la Kiitaliano la arobaini tukapata karantini. Jambo la kuzingatia hapa ni mantiki yake. Hapakuwa na kipimo cha kumtambua aliyeambukizwa, kwa hiyo muda ndio uliofanywa kipimo: ukikaa siku zote hizo bila kuugua, u mzima. Na muda una bei. Alilipa nani? Alilipa yule aliyekuwa akisubiri: baharia, mchuuzi, msafiri asiye na jamaa mjini.

Mataifa yalipoanza kuzungumza pamoja juu ya suala hili, katika mkutano wa Paris wa mwaka 1851 uliohudhuriwa na nchi 12, ugomvi ulikuwa huo huo wa bei. Dola zenye meli nyingi hazikutaka biashara isimame. Dola zilizokuwa karibu na njia za kipindupindu zilitaka milango ifungwe. Kisha mwaka 1865 kipindupindu kiliua maelfu ya mahujaji huko Makka, na mkutano uliofuata, wa Istanbul mwaka 1866, ukamtazama hujaji kama mlango wa ugonjwa kuingia Ulaya. Kuanzia miaka ya 1880 mahujaji waliotoka upande wa Bahari ya Hindi walishushwa katika kisiwa cha Kamaran, ndani ya Bahari ya Shamu, wakazuiliwa siku kadhaa na kutozwa ada ya kuzuiliwa kwao. Hujaji alilipia kifungo chake. Nitalirudia jambo hili nitakapofika Malaba.

Pwani yetu nayo ina kisiwa chake. Mtalii anayevuka kwa boti kutoka Mji Mkongwe kwenda Changuu huambiwa kwamba anakwenda "Kisiwa cha Magereza", na kweli katika miaka ya 1890 Lloyd Mathews, waziri wa Sultani, alijenga gereza pale. Lakini gereza hilo halikupata wafungwa. Majengo ya kisiwa yakageuzwa kituo cha karantini, na wasafiri wa majini walioshukiwa kuwa na maradhi wakawekwa huko kabla ya kuruhusiwa kukanyaga Unguja. Huona jambo la kufikirisha kwamba jina lililobaki ni la gereza ambalo halikufanya kazi, huku karantini iliyofanya kazi ikisahauliwa na wengi.

Hata hivyo, kisiwa hulinda upande wa bahari tu. Miaka zaidi ya 20 kabla ya Changuu, mwaka 1869, kipindupindu kilifika Zanzibar kwa njia ambayo wachache waliitazamia. Daktari James Christie, aliyekuwa akifanya kazi Unguja wakati huo, alichapisha kitabu mwaka 1876 akieleza kwamba milipuko ya nyuma iliingia kwa vyombo vya baharini, lakini huu ulishuka kwa nchi kavu kutoka kaskazini, ukapita nchi ya Wamasai pamoja na misafara, ukafika Pangani, ndipo ukavuka kuingia kisiwani. Christie hakuwa na maabara; kiini cha kipindupindu kilikuwa bado hakijathibitishwa. Alichokuwa nacho ni maswali. Aliwauliza wafanyabiashara na watu wa misafara walipita wapi, waliona nini, nani aliugua katika kituo gani. Kwa lugha ya leo tungesema alikusanya data za nyendo. Tofauti ni kwamba alizipata kwa kuwasikiliza wasafiri, na wasafiri walijua wanaulizwa nini.

Baada ya hapo wakoloni walichora mipaka, na mpaka ulipochorwa ukapewa pia kazi ya daktari. Ugonjwa wa malale ulipoangamiza watu wa kando ya Ziwa Viktoria kuanzia mwaka 1900, vifo katika Uganda vilizidi 200,000. Gavana Hesketh Bell aliwahamisha watu kutoka ufukweni na visiwani. Robert Koch alipiga kambi Ssese mwaka 1906, akiwatibu wagonjwa kwa atoksili, dawa ya arseniki iliyowapofusha baadhi yao. Upande wa Bukoba Wajerumani walihangaika na vibarua waliokwenda Uganda kutafuta ujira na kurudi na vimelea mwilini. Mwaka 1908 Uingereza na Ujerumani zikatia saini mkataba wa kushirikiana dhidi ya malale. Huko Congo, Wabelgiji walifika mbali zaidi: Mwafrika aliyetaka kusafiri katika maeneo ya ugonjwa alitakiwa kuwa na pasi ya kitabibu, karatasi iliyoeleza kuwa amepimwa.

Tazama hatua tuliyopiga hapo. Katika Ragusa ya mwaka 1377 kila mtokaji wa nchi yenye tauni alisubiri. Katika Congo ya malale, kuna aliyepita na kuna aliyerudishwa, na kilichowatofautisha ni karatasi. Karatasi ilichukua nafasi ya muda. Na mara karatasi inapokuwa na thamani kuliko afya inayodaiwa kuithibitisha, soko lake huzaliwa siku hiyo hiyo.

Watu wa umri wangu wanaijua vyema kadi ya njano. Chanjo ya homa ya manjano, iliyotengenezwa miaka ya 1930 na kumpatia Max Theiler Tuzo ya Nobel mwaka 1951, ndiyo iliyoifanya cheti cha kimataifa kuwa na maana, na kanuni za afya za kimataifa zilizopitishwa mwaka huo huo wa 1951 zikakipa nguvu ya kisheria. Kwa miongo kadhaa cheti cha ndui kilikwenda sambamba nacho, hadi mgonjwa wa mwisho wa ndui ya kawaida, mpishi wa hospitali aliyeitwa Ali Maow Maalin, alipougua huko Merca, Somalia, mwezi Oktoba 1977. Kadi ya njano ilibaki. Na ni nani miongoni mwetu hajasikia habari za mtu aliyeipata kadi hiyo bila kuchomwa sindano, kwa sababu basi lilikuwa linaondoka na afisa alikuwa na mhuri mfukoni? Ninasema hivi bila kejeli. Mfumo ulimtaka msafiri awe na kadi, naye akawa na kadi.

Sasa nimkaribie dereva. Katika mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera, ng'ambo kidogo tu ya mpaka wa Uganda. Wenyeji waliuita ugonjwa huo Juliana, kwa jina la vitambaa vilivyoingizwa kwa magendo kutoka upande wa pili. Ugonjwa ukapewa jina la bidhaa ya mpakani; sidhani kama kuna mwanahistoria angeweza kubuni ushahidi ulio bora kuliko huo juu ya namna watu wa mpakani wanavyofikiri. Miaka michache baadaye macho ya watafiti na ya umma yakahamia barabara kuu ya kutoka Mombasa kwenda Kampala na Kigali, kwenye maegesho, nyumba za wageni na malori. Dereva hakuwekewa kizuizi mpakani kwa sababu ya UKIMWI, lakini alibandikwa sura: mtu wa barabarani, mbeba maradhi. Ilipofika mwaka 2020 sura hiyo ilikuwa tayari imekwishachorwa kwa zaidi ya miaka 30. Hiyo ni nusu ya jibu la swali la mwanafunzi wangu.

Nusu ya pili imo katika kodi. Kwa muda mrefu mamlaka za mapato za ukanda huu zilisumbuliwa na mizigo iliyotajwa kuwa ya kupita kwenda nchi nyingine lakini ikashushwa njiani na kuuzwa bila ushuru. Mwaka 2017 Kenya, Uganda na Rwanda zilianza kutumia mfumo wa pamoja wa kielektroniki wa kufuatilia mizigo, uitwao kwa kifupi RECTS. Kontena hufungwa lakiri ya kielektroniki, na maafisa wa mapato huliona katika skrini zao tangu bandarini hadi liendako. Likiacha njia au lakiri ikiguswa, taarifa hutokea. Mfumo huo haukuhusu afya hata kidogo. Ulihusu shilingi.

Kisha janga likaja. Kenya ilitangaza mgonjwa wa kwanza tarehe 13 Machi 2020, Rwanda tarehe 14, Tanzania tarehe 16, Uganda tarehe 21. Abiria wakasimamishwa, mizigo ikaendelea, kwa kuwa Uganda, Rwanda, Burundi na Sudan Kusini haziwezi kuishi bila bandari za Mombasa na Dar es Salaam. Matokeo yake, dereva wa lori alikuwa karibu mtu pekee wa kawaida aliyevuka mpaka kihalali, na kwa hiyo karibu mtu pekee aliyepimwa mpakani. Ukimpima mtu mmoja tu, utaupata ugonjwa kwa mtu huyo tu. Idadi za kila siku zilizotangazwa Kampala zikajaa madereva. Mwezi Mei serikali ya Uganda ikaamua kwamba madereva wa kigeni waliokutwa na virusi warudishwe makwao na wasihesabiwe katika orodha ya taifa. Rwanda kwa upande wake ilitaka dereva akifika Rusumo amkabidhi lori mwenzake wa Rwanda. Malaba, foleni ikawa ya makumi ya kilomita. Madereva walilala chini ya malori yao siku kwa siku, wakipika kando ya barabara, wakitumia fedha zao za njiani kununua maji. Hapa ndipo nilipoahidi kuwakumbuka mahujaji wa Kamaran.

Tanzania ilikuwa na kisa chake. Tarehe 3 Mei 2020 Rais Magufuli alieleza hadharani kwamba sampuli za papai na za mbuzi zilipelekwa maabara kwa majina ya watu na baadhi zikaonekana kuwa na virusi. Takwimu za taifa zilikuwa zimekwisha kuacha kutolewa tangu mwisho wa Aprili. Kenya ilifunga mpaka wake na Tanzania tarehe 16 Mei isipokuwa kwa mizigo, kwa sharti kwamba dereva apimwe. Pale Namanga madereva waliotoka Tanzania wakakutwa na virusi kwa vipimo vya Kenya. Viongozi wa Arusha wakadai kwamba wakipimwa upande wetu wanaonekana wazima. Malori yakasimama pande zote mbili. Ikabidi marais wazungumze kwa simu na mawaziri wa uchukuzi wakutane hapo Namanga ili kukubaliana nani ampime nani, na cheti cha nani kiaminiwe.

Katika kipindi hicho hicho, tarehe 12 Mei, viongozi wa baadhi ya nchi za Jumuiya walikutana kwa njia ya video, Rais Kagame akiwa mwenyekiti. Tanzania na Burundi hazikushiriki. Miongoni mwa yaliyoazimiwa ni kuwa na mfumo wa kikanda wa kidijitali wa kuthibitisha afya za madereva na kufuatilia safari zao. Mfumo uliotokana na hilo ukaitwa RECDTS. Msomaji ataona kwamba katika kifupisho cha zamani imeongezwa herufi moja tu, D, nayo ni ya dereva. Kwa nini dereva na si abiria wa ndege? Kwa sababu lori lake lilikuwa tayari linafuatiliwa. Njia ya kiteknolojia ilikuwa imekwisha kutandikwa kwa ajili ya ushuru, na mwili wa mtu ukapakiwa juu yake kama nyongeza ya shehena.

Nisieleweke vibaya. Mfumo ule ulikuwa na faida ya kweli. Kabla yake dereva alibeba karatasi ambayo afisa wa upande wa pili hakuwa na njia ya kuihakiki, na vyeti bandia vilikuwa vimeanza kuuzwa. Sasa majibu ya maabara yalikwenda moja kwa moja kwenye programu, na afisa wa Busia aliweza kuyasoma kabla dereva hajafika dirishani. Lakini aliyekaa foleni atakwambia kwamba kilichochelewesha safari zaidi ni saa, wakati mwingine siku, kati ya kuchukuliwa sampuli na kutoka kwa majibu. Maabara tisa zinazohamishika ambazo Jumuiya ilizipata mwaka 2020 kwa msaada wa Ujerumani, magari yenye uwezo wa kupima karibu na mpaka, zilifupisha foleni kwa namna ambayo programu peke yake isingeweza. Simu hupeleka majibu, haiwezi kuyatengeneza. Jambo hilo ni dogo kulitamka, ila katika mikutano yetu ya "mapinduzi ya kidijitali" nimeona likirukwa mara nyingi.

Tatizo la kuamini nalo halikuondoka. Ugomvi wa Namanga haukuwa wa karatasi dhidi ya skrini. Ulikuwa wa maabara ya nchi moja dhidi ya maabara ya nchi nyingine. Ukilichukua jibu lisiloaminika ukalifungia ndani ya msimbo wa QR, umepata jibu lisiloaminika linalosafiri haraka.

Kuna ushahidi wa zamani kidogo ambao watunga sera wetu wangepaswa kuusoma. Wakati wa mlipuko wa SARS mwaka 2003, Canada iliwachunguza wasafiri katika viwanja vyake vya ndege kwa dodoso na kwa kamera za kupima joto. Uchunguzi ulifanyika takriban mara milioni 6.5, na watu wapatao 9,100 wakapelekwa kwa uchunguzi zaidi. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na SARS. Mtu aliyeambukizwa jana hana homa leo, na mwenye homa leo huenda ana malaria. Linganisha na kisa cha Juni 2019, wakati wa mlipuko wa Ebola mashariki mwa Congo. Familia moja ilivuka kuingia wilaya ya Kasese, Uganda, ikiwa na mtoto wa miaka mitano aliyekwisha kuambukizwa. Aliyetambuliwa alitambuliwa hospitalini, na wahudumu wa afya waliokuwa wamefunzwa kushuku Ebola. Mtoto huyo, mdogo wake na bibi yao walifariki, lakini ugonjwa haukuenea zaidi ndani ya Uganda.

Halafu kuna watu ambao mifumo hii haiwaoni kabisa. Kati ya Goma na Gisenyi makumi ya maelfu ya watu huvuka kwa miguu kwa siku ya kawaida, wengi wao wanawake wenye mafungu ya mboga, nyanya na unga. Neno bodaboda lenyewe, ambalo sasa vijana wa Dar es Salaam wanadhani ni lao, lilizaliwa mpakani Busia, kwa waendesha baiskeli waliovusha watu kutoka kituo kimoja hadi kingine wakiita "boda, boda". Watu hawa hawana lakiri ya kielektroniki. Wengine hawana simu janja. Mpaka unapofungwa, hawaachi kuvuka, kwa maana shamba liko huku na soko liko kule. Huhamia njia za panya, ambako hakuna kipimajoto wala ndoo ya kunawia mikono. Misafara ya mwaka 1869 ilimfundisha Christie kutazama nchi kavu wakati wengine wakitazama bahari. Ndivyo njia za panya zinavyopaswa kutufundisha sisi.

Mimi mwenyewe nilivuka mpaka mmoja kwa basi mwaka 2021, nikiwa na cheti changu kwenye simu na msimbo wake unang'aa. Mtandao ulikuwa umekatika. Afisa, kijana mpole sana, alinitazama, akaitazama simu, kisha akavuta daftari kubwa la mistari akaandika jina langu, namba ya pasipoti na neno moja: "hasi". Hakuwa na namna ya kujua kama ni kweli. Aliniamini kwa sababu nilivaa koti na miwani. Mama aliyekuwa nyuma yangu, mwenye mzigo kichwani na karatasi iliyolowa jasho, aliambiwa akae pembeni. Nimekuwa nikimfikiria mama yule kila nisomapo ripoti za mifumo hii.

Limebaki suala moja ambalo kwa maoni yangu ndilo zito kuliko yote. Taarifa za afya za dereva, zikiunganishwa na mahali alipolala na saa alizosimama, ni nyaraka nyeti mno. Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005, katika ibara ya 45, zinataka taarifa za namna hiyo zitunzwe kwa siri na zisihifadhiwe kupita muda unaohitajika. Kenya na Uganda zilikuwa na sheria za kulinda taarifa binafsi tangu 2019. Tanzania ilipitisha sheria yake mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 2023. Maana yake ni kwamba kilele cha janga kilitukuta bila sheria mahususi. Ni haki ya dereva kuuliza: rekodi zangu za mwaka 2020 ziko kwenye seva ya nani, na nani ana ufunguo? Mwajiri anaweza kuziona? Kampuni ya bima je? Mfumo uliozaliwa kwa ajili ya ushuru ukapanuliwa kwa ajili ya afya hauna sababu ya kushindwa kupanuliwa mara ya tatu kwa jambo jingine.

Maswali haya si ya kumbukumbu tu. Mwishoni mwa Julai 2024 Kenya ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza wa mpox, msafiri aliyetoka Uganda akielekea Rwanda, aliyegunduliwa katika kituo cha pamoja cha mpakani Taveta. Wiki mbili baadaye Shirika la Afya Duniani likatangaza dharura ya kimataifa. Mwaka huo huo kanuni za afya za kimataifa zilirekebishwa, na nyaraka za afya za msafiri sasa zimetambuliwa kuwa zinaweza kutolewa kwa mfumo wa kidijitali. Kadi ya njano, kwa hiyo, iko njiani kuingia kwenye simu.

Mwanafunzi wangu ameamua kuandika tasnifu yake juu ya suala hili. Alitaka kuanza na nyaraka za Jumuiya pale Arusha. Nimemshauri kwanza aende kwenye maegesho ya malori, Namanga na Malaba, akae na madereva wanapokunywa chai, awaombe wamwonyeshe simu zao za zamani. Baadhi yao, nasikia, hawajaifuta ile programu.